Ummu Dardaa na Haki ya Nafsi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, juma hili tumependa kulizungumza neno moja ambalo limeingia majumbani mwetu kwa njia ya simu na kuleta mvutano baina ya wazazi na watoto. Neno lenyewe ni "kujipenda".

Binti akisema kwamba ahitaji muda wa kukaa peke yake, achore kidogo au atulie na nafsi yake, mamake humwona mvivu aliyepata jina zuri la uvivu. Bibi naye huongeza kuwa zama zao mwanamke hakuwa na wakati wa kujipenda; alipenda wanawe, mumewe na wazee wake, na yakatosha. Hapo binti hutoa simu akaonyesha picha ya mwanamke wa nchi za mbali aliyefumba macho mbele ya mshumaa, na bibi huondoka akisoma audhubillahi. Twaona kwamba bibi na mjukuu wanagombania kitu ambacho dini iliwapa tangu zamani, na ambacho huyo bibi amekuwa nacho mkononi maisha yake yote bila ya kukipa jina.

Imo katika Sahihi ya Imam Bukhari hadithi ambayo husomwa sana katika darasa zetu. Mtume (s.a.w.) aliunga udugu baina ya masahaba, na miongoni mwa waliounganishwa walikuwa Salman al-Farisi na Abu Dardaa (r.a.). Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe, Ummu Dardaa, yumo katika nguo duni za kazi, hana dalili ya mtu anayejitunza. Wanazuoni wamebainisha kuwa huyu ni Ummu Dardaa mkubwa, jina lake Khayra, kwani Abu Dardaa alikuwa na mke mwingine baadaye aliyejulikana kwa lakabu hiyo hiyo. Salman akamuuliza ana nini. Akamjibu kwa maneno machache kwamba nduguye, Abu Dardaa, hana haja na dunia.

Jibu hilo lina adabu kubwa. Hakulalamika, wala hakumtaja mumewe kwa ubaya. Alimsifu kwa ibada, na ndani ya sifa akaiweka shida yake. Ni wangapi katika nyumba zetu wanaojibu hivyo hivyo? Ukimuuliza mama mbona amekonda, atakwambia watoto wana mitihani. Ukimuuliza mbona siku hizi hatoki hata kwenda harusini, atakwambia mzee hajapata kazi tangu mwaka jana. Swali umemuuliza yeye, lakini katika jibu yeye hayumo.

Yaliyofuata mwayajua. Abu Dardaa alirudi, akamtengea mgeni chakula na kusema kuwa yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale, naye akala. Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali. Salman akamwambia alale. Akalala kidogo, akainuka tena, akaambiwa tena alale. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahli zake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akalipeleka jambo hilo kwa Mtume (s.a.w.), naye akamsadikisha Salman.

Wengi wetu huisoma hadithi hii kwa upande wa mume aliyezidisha saumu na kisimamo. Sisi twaomba leo isomwe kwa upande wa mlangoni, pale ilipoanzia. Asili ya hukumu hii kubwa ya haki ya nafsi ni nguo za mwanamke aliyechoka, na mgeni mmoja aliyeziona asinyamaze. Na tazameni pia mpangilio wa haki zenyewe: nafsi imetajwa pamoja na haki ya Mola na haki ya ahli, wala haikuachwa isubiri mpaka wengine wote watosheke. Kwa kuwa wengine hawatosheki. Mama ajua.

Bibi ataogopa kwamba tunafungua mlango wa ubinafsi, na hofu yake ina msingi, kwani nafsi iamrishayo maovu imetajwa katika Qur'ani na sote twapigana nayo. Lakini mwenye punda pale Lamu humfunga kamba na kumwelekeza njia, na jioni humpa majani na maji na kumtua mzigo. Hatujapata kusikia mtu akidai kuwa kumlisha punda ni kumharibu adabu. Nafsi ni amana tuliyokabidhiwa na tutaulizwa juu yake, na mwenye kuichosha mpaka ikavunjika hakupata thawabu ya uvunjaji huo. Katika Sahihi vilevile imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Zaynab. Akichoka katika swala hujishika nayo. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali muda awapo na nguvu na uchangamfu, na akichoka akae. Tukifikiri juu ya kamba zilizofungwa katika nyumba zetu ambazo mama hujishikilia nazo asianguke, tutaona kuwa baadhi yake zilifungwa na sisi wanaume, na twapita kando yake kila siku.

Sasa huko kutulia kwenyewe ambako vijana wanakutafuta katika simu. Wenzetu wa nchi za Magharibi wamekufanya kuwa elimu na hata biashara: mtu hufundishwa kuuleta moyo wake pale alipo, asiwe jana wala kesho. Katika vitabu vyetu jambo hili si geni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, amezungumza kwa urefu katika Ihyau Ulumid-Din juu ya kuhudhuria kwa moyo ndani ya swala, na akatenga kitabu kizima humo kwa muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabu. Tofauti iliyopo ni kubwa na yafaa binti aijue: yule wa mshumaa huambiwa aitazame nafsi yake tu, na Muislamu huitazama akijua kwamba yuko mwingine anayemtazama, tena kwa rehema. Mwenye kujua kuwa anatazamwa kwa rehema huwa mpole juu ya nafsi yake.

Moyo, hata hivyo, haukai kwa kuamrishwa. Mwambie mtu aliyelemewa atulie, utamzidishia mashaka. Wazee wetu waliligundua hili mapema, na dawa yao ilikuwa ni kuupa mkono kazi nzuri.

Itazameni kofia ya viua. Kitambaa cheupe huwekwa tabaka mbili, kikachorwa nakshi, kisha hutobolewa vitundu vidogo kimoja baada ya kimoja, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikawa kiua. Kofia moja ina viua kwa mamia, na huchukua majuma mengi, nyengine miezi. Hakuna njia ya mkato. Mshonaji akiwaza deni la dukani, uzi humwambia papo hapo, kwani kiua huenda upande. Naye hurudi, akafumua, akaanza tena. Hivyo ndivyo moyo unavyofundishwa kurudi bila ya kugombezwa. Ukili nao ni vivyo hivyo. Miyaa huanikwa, huchanwa chane nyembamba, nyengine hutiwa rangi katika maji ya moto, kisha husukwa kwa kupishana, chane juu, chane chini, na hesabu ikipotea kosa hujitokeza baada ya shibiri moja. Mwanamke akisuka ukili barazani pumzi yake hushuka yenyewe na mabega hulegea. Wanaofanya kazi hizi hawahitaji kuthibitishiwa.

Mtu akitaka kuleta tasbihi au swala ya Mtume (s.a.w.) huku sindano ikienda, ni kheri juu ya kheri. Hatusemi kuwa mshono fulani una dhikri yake maalumu, wala asizuke mtu akaifanya kuwa sharti. Hilo halina dalili. Na akitaka kunyamaza tu akausikiliza upepo wa kaskazi, anyamaze.

Hapa pana jambo ambalo limetuudhi kwa muda mrefu, nalo ni kwamba kazi hizi za mkono zimebaki karibu zote kuwa kazi za mauzo. Hatuwalaumu wanaouza. Kofia imesomesha watoto, na mkeka umenunua unga. Lakini anayeshona kwa kuhesabu siku za mnunuzi, na bei imewekwa na mwengine, mkono wake hugeuka cherehani. Sindano ile ile iliyokuwa ikimtuliza humchosha macho na mgongo. Rai yetu, na atakaye aipinge, ni kuwa kila mwanamke mwenye sanaa mkononi awe na kitu kimoja anachokifanya ambacho hakina bei wala muda wa kukabidhiwa. Kiwe msala wake mwenyewe wa kuswalia, au kipande cha nakshi, au kikuba cha asumini na rehani alichokitunga kwa vidole vyake akakivaa nyumbani kwake hata kama hapana mgeni ajaye. Asiulizwe kitaleta nini.

Huenda mtu akasema kuwa Bibi Zaynab bint Jahsh, yule mwenye kamba, alikuwa fundi wa mkono, na kazi yake aliitoa sadaka, hakujiwekea. Ni kweli. Alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na chumo lake likawafikia masikini. Mtume (s.a.w.) alipowaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu zaidi, walipimana mikono, mpaka alipofariki Zaynab, mwaka wa 20 Hijria, ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Lakini zingatieni kuwa Zaynab alichagua mwenyewe kazi yake iende wapi. Mwanamke wa leo aliyeshona kwa raha yake, kisha moyo ukampeleka akampa yatima kofia ile, amefuata nyayo hizo. Yule ambaye hajapata hata siku moja kuchagua, tusimpigie mfano wa Zaynab ili tuendelee kumchukulia.

Mabinti nao huuliza juu ya kuchora na kupaka rangi, kwani shuleni wameonja na wamependa. Suala la picha za viumbe vyenye roho lina maneno marefu baina ya wanazuoni na hatutaliingia hapa. Litoshe kisa cha mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake ni kutengeneza picha, baada ya kumkanya, alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Uwanja huo ni mpana kuliko wanavyodhani wengi. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji wa Kale wa Mombasa imejaa maua, mizabibu na minyororo, na jicho halichoki kuitazama. Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19 palinakiliwa misahafu kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na kurasa zake hadi leo huwashangaza wataalamu. Binti akitaka kutulia na karatasi, ampatie mzazi kalamu ya khati na wino. Aandike bismillahi moja kwa nusu saa. Atajua mwenyewe kwa nini twasema hivi, kwani herufi ya siin haiandikwi na mtu mwenye haraka.

Na hina? Hina ni sanaa kamili, na ina raha nyengine ya pekee: aliyepakwa hana budi kukaa na mikono yake wazi mpaka ikauke, hashiki sufuria wala simu. Twadhani ni saa pekee ambayo baadhi ya mama zetu huhudumiwa. Rangi ya hina haizuii maji kufika kwenye ngozi, kwa hivyo udhu ni sahihi madamu majani yenyewe yameondoshwa. Tahadhari ni juu ya piko linalotiwa rangi nyeusi ya nywele. Rangi hizo huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo yaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge na makovu, na watoto wadogo ndio wa kuhurumiwa zaidi. Hina ya majani na ndimu yatosha.

Wako wasioruhusiwa mapambo haya kwa muda, nao ni wajane walio katika eda ya miezi minne na siku kumi. Hina, manukato na nguo za mapambo huziacha. Twaona katika mitaa yetu kuwa watu huzidisha wakamfanya mjane kama aliyezikwa pamoja na mumewe: akae kimya, asishike kitu, atazame ukuta. Sheria haikumkataza kusuka, kushona wala kuandika. Katika nyumba yenye msiba, kumletea mjane miyaa au nyuzi na kukaa naye huku mikono yenu ikienda, bila ya kumlazimisha aseme, ni taazia njema kuliko maneno mengi ya mlangoni. Wakati mwengine machozi huja pale uzi unapokatika, na yaachwe yaje.

Lazima pia tuseme wazi kuwa sindano si tabibu. Yuko mama aliyejifungua ambaye hamtaki mwanawe na analia bila sababu. Yuko asiyelala kwa majuma, na yuko anayefikiri kujidhuru. Huyu asiambiwe kashone kofia, wala asiambiwe kuwa imani yake imepungua. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba, na akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Apelekwe hospitali kwa daktari wa maradhi ya akili, asomewe ruqya na dua, na lolote kati ya hayo lisimzuilie jengine. Kuficha ugonjwa wa binti kwa kuogopa posa zitapungua ni dhulma, tena ya mtu asiyeweza kujitetea.

Sasa tuwageukie waume, maana Salman hakumwachia Ummu Dardaa mzigo wa kujirekebisha mwenyewe. Hakumwambia avae vizuri. Alikwenda kwa mwenye nyumba. Vilevile hatuwezi kuwaambia mama zetu wajipatie saa ya kutulia ilhali saa hiyo imo mikononi mwa wengine. Baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, hata kama ni siku mbili tu katika juma, baba yaweza kuwatoa watoto, akawapeleka ufuoni au madrasa, au akakaa nao ndani. Wavulana wa miaka kumi na miwili waweza kuosha vyombo, Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, akaeleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahli zake, na imepokewa kuwa alishona nguo yake na kukitengeneza kiatu chake mwenyewe. Saa hiyo ikipatikana, simu iwekwe chumba kingine. Mlango si lazima ufungwe; wengine hupenda kusikia sauti za nyumba yao kwa mbali. Mama achukue alichokianza, hata ikiwa ni ukili wa shibiri tatu uliolala kabatini tangu mtoto wa mwisho azaliwe, na aendelee pale alipoachia. Na bibi akiwa yu hai, mjukuu akae karibu naye amuulize chane ya nne hupita juu au chini.

Tumepokea maswali kadhaa juu ya mipaka ya eda kwa mjane mwenye kazi ya kuajiriwa. Tukijaaliwa, tutayajibu juma lijalo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.